Hapa Hakuna Recho

Mke wangu alizaliwa Lipingo, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, akabatizwa Recho katika Kanisa la Anglikana. Nilipomwoa na kumpandisha huku kwetu milimani, juu ya Mbinga, mama yangu alisema nyumba ya Wakatoliki haiwezi kuwa na jina lisilo na mtakatifu. Padre wa wakati ule hakuona shida. Alimwambia mama kwamba Recho yumo katika Biblia, tena ndiye mama yake Yusufu. Lakini mama hakutaka habari za Agano la Kale. Alitaka mtakatifu mwenye sikukuu yake kwenye kalenda ya ukutani. Basi siku mke wangu alipopokewa kanisani na kupewa kipaimara aliitwa Mektilda. Aliitikia bila kunung'unika. Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wetu Adrian, na tangu hapo watu wakamwita Mama Adrian, majina mengine yote yakasahaulika.

Jina la Recho lilibaki mahali pamoja tu, kwenye daftari lake la kliniki.

Mke wangu ana kifafa. Leo naliandika neno hili bila kificho, lakini kwa karibu miaka thelathini sikulitamka nje ya nyumba yetu. Huku kwetu wengi bado wanaamini kwamba mgonjwa akianguka nawe ukamgusa, mate yake yakikupata, utaanguka pia. Binti yake haposwi kirahisi. Sufuria yake haiazimwi. Nilipomwona akianguka mara ya kwanza, mwezi wa nne baada ya harusi, nilifunga mlango, nikangoja azinduke, nikamwambia, "Hili libaki letu."

"Mimi silionei haya," akasema. "Lakini ukitaka libaki letu, litabaki."

Lilibaki kwa sababu ya vidonge. Tangu usichana wake alikuwa akivipata kwenye zahanati ya kwao, vidogo, vyeupe, kimoja kila jioni. Akivimeza haanguki. Mara mbili kwa mwaka aliteremka mwenyewe ziwani ili daktari amwone. Miezi mingine mdogo wake, Cuthbert, alimchukulia, akavitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika juu yake RECHO, MBINGA, akaituma kwa basi linalotoka Mbamba Bay kwenda Songea. Mimi nilisubiri stendi ya Mbinga. Konda alinijua. Alinyoosha mkono, nikapokea bahasha, mara nyingine pamoja na mfuko wa usipa, wale dagaa wa ziwani, tukaagana. Hakuna aliyeuliza kitu. Namba ya simu haikuandikwa kwenye bahasha kwa sababu miaka yote haikuhitajika.

Mwaka jana, mwezi wa Juni, konda yule aliacha kazi.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimetoka parokiani na wenzangu watatu wa kigango chetu, kanisa letu dogo la kule juu, tumechukua mishumaa na vitabu vya ibada, kwa maana kesho yake padre angekuja kunisimika kuwa mwenyekiti wa kigango. Tulisimama stendi kungoja gari la kupanda kwetu. Mmoja wao alikuwa Bartholomayo, mtu ambaye hata msibani hawezi kumaliza dakika kumi bila kuchekesha watu.

Basi la Mbamba Bay likaingia. Konda mpya, Jastin, akaruka chini kabla halijasimama sawasawa, bahasha mkononi, akapaza sauti kama yuko mnadani.

"Recho! Mzigo wa Recho! Recho wa Mbinga yuko wapi?"

Nilipiga hatua mbili kuelekea basi.

"Mwenyekiti!" Bartholomayo akaniita. "Unakwenda wapi? Recho ni nani tena?"

Nikasimama.

"Jamani, njooni muone," akawaambia wenzetu. "Mchana rozari, jioni Recho!"

Wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi mbivu akadakia, "Mwacheni baba wa watu. Ana nyumba ndogo ziwani, na nyumba ndogo inamkumbuka kwa usipa."

"Mwenyekiti, ni wabichi au wakavu?"

"Siyo usipa hao, ni barua. Tazama bahasha hiyo!"

Jastin alikuwa akinitazama. "Mzee, wewe ndiye wa mzigo wa Recho?"

Ningejibu kwamba ni wa mke wangu, maneno yangeisha. Lakini niliyaona maswali yanayofuata. Mke wako si Mektilda? Na bahasha ina nini? Na kesho nilikuwa nasimama mbele ya kigango kizima.

"Hapana," nikasema. "Hapa hakuna Recho."

"Haya, mzee wangu."

Akarudi mlangoni, akagonga bodi mara mbili, basi likaondoka kuelekea Kitai na Songea. Bartholomayo akanishika bega, bado anacheka. Mimi nami nilicheka.

Nilijiambia kwamba kesho basi litarudi, nitakwenda peke yangu niichukue. Lakini kesho ilikuwa Jumapili ya kusimikwa. Padre alinivika msalaba shingoni, akina mama wakapiga vigelegele, na Mama Adrian akacheza katikati yao mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka. Basi lilipita Mbinga wakati mimi nakula pilau. Nilimpata Jastin Jumatatu.

"Bahasha ile?" akashangaa. "Si wewe uliyesema hakuna Recho?"

"Nilisema. Iko wapi?"

"Niliiacha ofisini Songea. Mzigo usio na mwenyewe hatuzunguki nao."

Alipiga simu Songea mbele yangu. Huko wakatafuta, wakarudi kusema haionekani. Labda imefagiliwa pamoja na takataka, labda mtu ameichukua akidhani ina kitu cha maana.

"Kwani ilikuwa na nini?" Jastin akaniuliza.

"Dawa."

"Aah! Sasa mzee, si ungesema?"

Alikuwa na huruma kweli kweli. Niliondoka bila kumuaga.

Jioni ile nilimkuta Mama Adrian uani anaosha kahawa iliyomenywa, mikono yote miwili ndani ya ndoo. Aliniuliza bila kuinua kichwa, "Cuthbert hajatuma?"

Hapo Mungu alinipa nafasi ya kusema kweli, tena mahali pasipo na mtu wa kucheka. Sikuitumia.

"Hajatuma," nikasema. "Labda ziwa limechafuka."

Alicheka. "Baba Adrian, dawa haivuliwi ziwani. Inatoka zahanati. Hebu nipe simu nimpigie."

"Haina chaji."

"Basi nitaazima ya Aurelia." Aurelia ni mke wa Adrian. Nyumba yao iko nyuma ya migomba yetu, na Adrian mwenyewe anafanya kazi Songea.

"Usimsumbue Cuthbert kila mara," nikasema. "Ana watoto wake, ana nyavu zake. Mtu akichoka, amechoka. Mimi nitakwenda kliniki ya mjini, uandikishwe hapa hapa, kwa jina lako."

"Jina langu lipi?"

"Mektilda."

Alitoa mikono kwenye ndoo, akaipangusa kwa khanga. "Amechoka," akasema polepole. "Angeniambia tu." Kisha akasema, "Vimebaki vitano."

Hakwenda kuazima simu. Nilikuwa nimemwonyesha kwamba mdogo wake amemchoka, naye hakuwa mtu wa kumwomba aliyechoka. Uongo wangu ulifanya kazi kuliko nilivyokusudia.

Jumanne asubuhi nilikuwa kliniki. Muuguzi wa kifafa anaitwa Luisa, mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Nilimpa daftari la mke wangu.

"Jina la mgonjwa?"

"Mektilda."

Alifungua daftari, akalifunga, akatazama jalada. "Hapa pameandikwa Recho."

"Ndiye."

"Ndiye nani?"

"Ndiye Mektilda. Alibadilishwa."

"Alibadilishwa kama gurudumu?" Akatabasamu, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Sikiliza, baba. Mimi nakuamini. Lakini dawa hii nairuhusu kwa sahihi, kidonge kwa kidonge. Nikimpa Mektilda dawa ya Recho, wakija kukagua nitajibu nini? Mlete mwenyewe Alhamisi. Daktari atamwona, atamwandikia upya, yamekwisha."

"Atakaa wapi akisubiri?"

"Pale, kama wenzake."

Nilitazama. Benchi la wagonjwa wa kifafa liko chini ya kibaraza, linatazamana na geti. Kila anayeingia hospitali anapita mbele yake. Wakati ule ule alikuwa anapita mama mmoja wa jumuiya yetu, amembeba mjukuu, na nilijificha nyuma ya mlango.

"Hakuna njia nyingine?" nikauliza.

"Ipo. Leta kiapo cha majina kwamba Recho na Mektilda ni mtu mmoja, kimegongwa muhuri. Lakini kwa nini ujitese? Aliyekuwa anamletea siku zote yuko wapi?"

"Ziwani."

"Mpigie simu, baba. Leo tu. Kesho basi litakuwa hapa."

"Nitampigia," nikasema.

Nilitoka pale nikaenda kutafuta kiapo. Karani aliniambia wakili amekwenda Songea, nije kesho. Kesho yake wakili alikuwepo, ila mashine ya kuchapa haikuwa na wino. Ijumaa karatasi ikachapwa, ikaandikwa Raketi badala ya Recho, ikabidi irudiwe. Jumatatu wakili alikuwa mahakamani. Kila siku nilishuka mlima kwa miguu na kupanda tena, na nitasema ukweli wangu, safari zile zilinifariji. Nilijiona mume anayehangaikia dawa ya mkewe. Nilitoka jasho, viatu vikaniuma, nikamtolea Bwana maumivu ya miguu.

Nyumbani Mama Adrian alikuwa amechukua wembe. Kila jioni aliweka kidonge kwenye sahani ya bati, akakikata katikati kwa uangalifu, amebana midomo, nusu akameza, nusu akaifunga kwenye kipande cha karatasi. Vumbi la kidonge lililobaki kwenye sahani alilichukua kwa ncha ya kidole akalilamba. Nami nilikaa mkabala naye, nikatazama.

Ijumaa ile nilianza novena, sala ya siku tisa, kwa ajili yake. Niliwaambia watu wa kigango ni kwa nia yangu binafsi, wakakubali kusali nami kila siku, hata Bartholomayo. Tulipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, nikaomba kwa machozi kwamba Mungu afungue njia, dawa ifike. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti, chaji imejaa, inanigusa kifuani kila nilipoinama.

Jumatano ya wiki ya pili nilipata kiapo, na muhuri wake wa bluu. Alhamisi alfajiri nilikuwa wa kwanza dirishani. Luisa alikisoma chote, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akakitia kwenye faili jipya. Kisha akavua miwani.

"Baba, vimekwisha jana. Mzigo unatarajiwa Jumatatu."

"Vimekwisha?"

"Vimekwisha. Kwani hukumpigia yule mtu wa ziwani?"

"Hapatikani," nikasema. Ulikuwa uongo wa tatu, au wa nne. Nilikuwa nimeacha kuhesabu.

"Basi mlete mgonjwa hata sasa hivi. Daktari atatafuta dawa nyingine ya kumshikiza. Usimwache hivi hivi. Mtu aliyezoea dawa hizi akikatishwa ghafla ni hatari kuliko asiyewahi kuzitumia. Umenisikia, baba?"

Nilimsikia. Nilipanda mlima na maneno yake kichwani, na kila kona ya njia nilikata shauri la kumwambia mke wangu, na kila kona nikasema nikifika ile inayofuata. Nilipofika nyumbani nilimkuta amesimama mlangoni, kikombe cha chai mkononi, macho yamekwenda mbali. Nilimwita mara tatu. Chai ilikuwa inamwagika miguuni pake, hajui. Kisha akarudi, akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Umevipata?"

"Jumatatu," nikasema. "Ni siku nne tu."

"Nasikia mwili unataka kuniangusha, Baba Adrian."

"Jumatatu, mama. Tuendelee kusali."

"Kusali nasali," akasema. "Nilimaliza juzi ile nusu ya mwisho."

Jumamosi ilikuwa siku ya tisa ya novena. Tulikuwa kwenye litania, watu wanaitikia vizuri, nami nimefumba macho, niliposikia mlango wa kanisa unagonga ukuta. Alikuwa Aurelia, miguu mitupu, majivu yamemjaa mpaka kwenye viwiko.

"Baba, njoo! Mama ameangukia moto!"

Alikuwa anapika maharage. Hakuna anayejua alilala pale kwa muda gani kabla Aurelia hajasikia harufu na kukimbilia jikoni. Mkono wa kulia ulikuwa umeingia katikati ya mafiga. Nilipofika alikuwa anatetemeka kwa mara ya pili, na kabla hatujapata bodaboda akatetemeka kwa mara ya tatu. Watu wote wa kigango walikuwa wamenifuata uani kwangu kutoka kwenye litania, na wote waliona. Wala hakuna aliyekimbia. Bartholomayo, ambaye nilimwogopa kuliko wote, ndiye aliyepiga magoti kwenye majivu, akamlaza ubavu, akamfuta mate kwa shati lake mwenyewe. "Dada yangu alikuwa nacho," aliniambia tu. "Shika miguu."

Hospitalini walimtuliza kwa sindano, wakamsafisha mkono, wakasema ataishi. Vidole viwili walisema hawana hakika navyo. Mimi nilikaa nje nikishindwa hata kusali Baba Yetu mpaka mwisho. Aurelia ndiye aliyempigia Cuthbert, kwa simu yake mwenyewe. Mazungumzo hayakuchukua dakika mbili.

Kesho yake mchana Cuthbert alikuwa wodini, na vidonge vya mwezi mzima. Kumbe zahanati walimpa siku ile ile, Jumamosi jioni, muuguzi wa zamu alifungua kabati alipoambiwa Recho ameungua.

"Shikamoo, shemeji," akanisalimia, kwa maana ni mdogo kwetu.

"Marahaba."

Alikwenda kwa dada yake, akamshika mguu juu ya shuka, akakaa hivyo muda mrefu. Mama Adrian alikuwa macho, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko.

"Ulinichoka, mdogo wangu," akamwambia. Hakusema kwa hasira.

"Nani alikuchoka?"

"Mwezi huu hukutuma."

Cuthbert alinigeukia. "Shemeji, nina swali moja, wala si la ugomvi. Nilituma Jumamosi ile kama kawaida. Leo nimepanda basi lile lile, nikamuuliza konda. Ameniambia alitangaza mzigo stendi, mzee mmoja mwenye vitabu vya kanisa akasema hapa hakuna Recho. Nikamuuliza mzee huyo yukoje. Akaniambia. Nataka unieleze konda amekosea."

Wodi ilikuwa na vitanda sita, na wote walikuwa wanasikiliza. Nilitamani aseme yote mwenyewe ili mimi niitikie kwa kichwa tu. Hakusema.

"Hajakosea," nikasema.

Mama Adrian alinitazama. "Ulisema hakuna?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Walikuwa wananitania."

Alifikiri. Niliona anazipitia siku zile moja moja, simu isiyo na chaji, ziwa lililochafuka, Jumatatu.

"Na mimi nikakata vidonge kwa wembe," akasema, "nawe umekaa hapo unanitazama."

Aligeuza uso kwa Cuthbert, akamuuliza habari za watoto. Walipomruhusu kutoka, baada ya siku kumi na mbili, alisema anataka kwenda kwao mpaka mkono upone. Nilikwenda nao mpaka stendi. Nilibeba mfuko wake, nikautia ndani ya basi, nikashuka.

Niliungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, akaniondolea dhambi, akasema mwenye kidonda bado hajaniondolea, na kwamba hilo haliko mikononi mwake. Nilirudisha msalaba wa mwenyekiti. Watu walitaka nibaki nao, nikakataa, nikawaeleza kwa nini, siku ya Jumapili baada ya matangazo, nimesimama pale pale nilipovikwa. Bartholomayo alikuja nyumbani jioni na jogoo mkononi.

"Mzee Placidi, mimi nilikuwa natania tu," akasema. Macho yalikuwa mekundu.

"Ulikuwa unatania. Mimi ndiye niliyejibu."

"Ningejua..."

"Ungejua kama ningesema."

Aliniachia jogoo akaenda zake. Miezi ile nilichuma kahawa peke yangu, nikaimenya, nikaianika. Kila Jumapili nilimpigia Cuthbert nikaomba kuongea naye, na kila Jumapili aliongea nami vizuri tu, juu ya mvua, juu ya kahawa, juu ya kuku.

Alirudi Oktoba, kwa hiari yake. Mkono umepona, ila vidole viwili vya mwisho vimejikunja na haviwezi kufunguka. Wiki ya kwanza tu alishuka mjini mwenyewe, akamwona Luisa, akafunguliwa faili lenye majina yote mawili. Sasa huenda kliniki kila mwezi. Hukaa kwenye benchi lile la getini bila kujifunika uso, na wanaopita humsalimia, naye huwaitikia. Daftari na vidonge anaviweka chini ya mto wake. Tunakula pamoja, tunasali rozari pamoja, ananiambia nikate majani ya ng'ombe, ananicheka nikiunguza ugali. Mimi ndiye ninayepika, kwa maana simwachi akae karibu na moto, na hilo amelikubali. Kuna siku nasahau kabisa kwamba kuna jambo.

Januari, siku yake ya kliniki ilifika ana homa. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na njia ya kuteremka mjini inateleza kama sabuni. Alijaribu kuinuka, akarudi kulala. Kikopo cha vidonge kilikuwa kitupu, nilikiona juu ya kiti.

Nilikwenda nikavaa viatu, nikachukua koti na mwavuli, nikarudi nikasimama kando ya kitanda.

"Nipe daftari," nikasema. "Nitakwenda mimi."

Alitazama viatu vyangu, kisha uso wangu. Aliona kwamba nimeomba kwa moyo wote, najua aliona, kwa sababu sauti yake ilikuwa ya upole.

"Wewe pumzika, Baba Adrian."

"Sijachoka."

"Najua."

Kisha akageuka kuelekea dirishani, akavuta pumzi, akaita kwa nguvu kadiri homa ilivyomruhusu, "Aurelia! Ee, Aurelia!"

Aurelia alikuja mbio, khanga kichwani, maji yanamchuruzika. Mama Adrian akaingiza mkono wake mbovu chini ya mto, akatoa daftari kwa vidole vitatu, akampa. Walinong'onezana kidogo habari za cheti na sahihi. Aurelia alipita mbele yangu ameinamisha macho, kama mkwe anavyopaswa.

"Naenda, baba."

"Haya, mama. Chukua mwavuli huu. Njia inateleza."

Aliuchukua. Nilimtazama mpaka alipoishia kwenye migomba. Ndani, Mama Adrian alikuwa anakohoa.

"Utakunywa uji?" nikamuuliza.

"Nitakunywa."

Nilivua viatu, nikaenda jikoni kukoka moto.